Ng'ombe wa Kwenye Kitabu Hawahesabiwi

Haya ninayoandika hutayaamini, na mimi sitakubembeleza. Fundi wa baiskeli hapo nje nilimwonjesha mwanzo wake tu, akaniuliza kama nimekula. Lakini yalitokea hapa hapa Kitengela, mchana kweupe, mbele ya mwalimu mkuu na watu wazima wenye akili zao: mtoto aliyekuwa amefunga mdomo tangu azaliwe aliufungua kwa mara ya kwanza ili awakinge ng'ombe waliokwisha kufa zamani. Na aliyewakinga dhidi yake si simba. Ni mwalimu.

Umeona? Tayari umekunja uso. Haya, vuta kiti.

Mwenye hadithi si mimi, ingawa mwenye kalamu ni mimi, Kuntai, maana katika boma letu kule Rombo hakuna aliyeisumbua shule kama mimi. Nilifika darasa la sita, na siku niliyoacha, mwalimu wa hesabu alilala bila kula kwa huzuni. Mwenye hadithi ni dada yangu mkubwa, Roda. Yeye hakusoma. Kwa hiyo kila nikimaliza kipande namsomea kwa sauti, naye anasikiliza huku anatunga shanga zake, na nikipotea ananirudisha njiani kama mbuzi. Hapo kwenye huzuni ya mwalimu amecheka kwa pua. Tuendelee.

Roda aliletwa Kitengela na kiangazi. Kule Rombo alikuwa mke wa mtu mwenye ng'ombe, baadaye akawa mjane mwenye ng'ombe, na kile kiangazi kikubwa kilipopita akabaki mjane tu. Kila asubuhi aliingia zizini kuwainua walioshindwa kusimama, bega lake chini ya mbavu zao, akiwaita kwa majina. Jina lilimsimamisha mnyama kuliko fimbo. Mpaka ikafika asubuhi ambayo hakukuwa na wa kuitwa. Roda akakaa mlangoni pa zizi tupu, na hapo ndipo binti yake Sandra alipomkuta.

Sandra alikuwa ameajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha kushona nguo huku Kitengela. Mume wake, Felix, anafanya kazi Magadi, kwenye joto la kukaanga yai, na nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Walikuwa na mtoto mmoja, Ledama, ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

"Yeyo," Sandra akamwambia mama yake, "twende ukae na mtoto. Wale uliofuga wameisha. Huyu bado."

Roda akainuka, akafunga lango la zizi ambalo halikuwa na kitu cha kutoroka, akaenda.

Basi akamlea Ledama kwenye ploti ya nyumba za kupanga, karibu na barabara ya Namanga, mahali ambapo mchana kutwa unasikia malori na usiku unasikia mbwa wa mabwanyenye. Akamlea vizuri. Mtoto alinenepa, akatembea, akakimbia, akaelewa kila kitu. Ukimwambia lete kikombe, analeta kikombe. Ukimwambia kuku wameingia ndani, anawatoa. Akikutana na mkubwa anainamisha kichwa aguswe utosini, kama mtoto wa Kimaasai aliyelelewa na watu. Jambo moja tu. Hasemi. Wenzake kwenye ploti walishaanza kuomba biskuti kwa lugha mbili na kutukanana kwa tatu, na yeye bado ni "mm" kwa ndiyo na "mm-mm" kwa hapana.

Na ploti, ndugu yangu, ni hospitali isiyokosa daktari. Mmoja akasema akatwe ule ukamba chini ya ulimi. Mwingine akasema alinyolewa mapema. Lakini maneno yaliyomwingia Sandra yalikuwa ya mama wa mlango wa mwisho, aliyesema akianika nguo:

"Hii mtoto mmemchanganya. Shosho anaongea Kimaasai, wewe unaongea Kiswahili, simu inaongea Kizungu, mimi hapa Kikamba. Hata wewe ungenyamaza kwanza uone nani atashinda."

Roda alisikia. Alikuwa ndani anapepeta mchele, na mikono yake ikasimama.

Jioni ile Sandra hakuzunguka. Alimwambia mama yake akiwa amemgeuzia mgongo, anaosha sufuria iliyokwisha kuwa safi.

"Yeyo, shule inachukua watoto Januari. Mwezi huu kuna intavyu. Akikataa kuongea hawatamchukua, na mimi nitampeleka kwa Caroline."

Caroline ni dada yake Felix, anakaa Laiser Hill, kwenye nyumba yenye geti, na watoto wake wanaongea Kizungu kama redio.

"Ni lini atarudi?" Roda akauliza.

"Akishazoea kuongea. Mwaka, miaka miwili. Caroline amekubali."

"Na mimi?"

"Wewe utarudi Rombo upumzike. Si kwa ubaya, Yeyo. Umechoka."

"Nipumzike na nani?" Roda akasema.

Sandra akaendelea kuosha ile sufuria. Ledama, aliyekuwa katikati yao na kijiko mdomoni, alimtazama huyu, akamtazama yule, kama mtu anayesubiri zamu yake ambayo haijafika.

Hapo sasa ndipo kitabu kinapoingia.

Siku walipokwenda kliniki, nesi mmoja anayeitwa Beverlyne, mwanamke mnene mwenye sauti ya kulaza watoto, alimpima Ledama masikio, akampima macho, akamkuta mzima. Akamwambia Sandra amtafutie kitabu cha picha. Sandra akakipata Kitengela sokoni, kwenye rundo la mitumba, katikati ya suruali za watoto. Kilikuwa cha kadibodi nene, picha kubwa kubwa, maneno machache ya Kizungu chini. Pembe moja ilikuwa na alama za meno. Mtoto wa ng'ambo alishakionja.

Roda alikirudisha kliniki siku iliyofuata, amekifunga ndani ya leso kama dawa asiyoiamini.

"Daktari," akamwambia nesi, "mimi sijui kusoma. Hii mmenipatia kazi bure."

"Shosho, hii haitaki kusoma. Unaangalia picha pamoja na yeye, unataja jina yake, halafu unanyamaza. Unamngoja."

"Nimngoje afanye nini?"

"Chochote. Hata akikuangalia tu. Hiyo kungoja ndiyo huwa inawashinda watu. Wanataja, wanajijibu, wanafungua page ingine."

Roda akafunga kitabu chake kwenye leso. "Kungoja naweza," akasema. Na kweli. Mtu aliyekaa na ng'ombe anayezaa, kwenye mvua, bila kumgusa wala kumsemesha mpaka kwato zitokee, huyo huwezi kumfundisha kungoja.

Basi kila mchana, baada ya uji, Roda alimpakata Ledama kwenye mkeka, mgongo wa mtoto kwenye tumbo lake, wakafungua. Na shida ikaanza ukurasa wa kwanza, kwa sababu waliochora kile kitabu hawakuwa wamefika Kajiado. Kulikuwa na nchi nyeupe yote, miti mieupe, njia nyeupe, watoto wamevaa makoti. Roda akaitazama sana. Halafu akakumbuka siku aliyokwenda kumtembelea Felix kazini, lile ziwa jeupe la magadi linaloumiza macho.

"Magadi," akasema. Akanyamaza, akangoja. Ledama akaweka kiganja kwenye ile theluji. Wakaendelea.

Ukurasa uliofuata kulikuwa na nyumba ya duara, nyeupe, mlango mdogo wa kuingilia kwa magoti. Hiyo haikumsumbua hata kidogo. Ilikuwa nyumba kama ile aliyoijenga mwenyewe alipoolewa, ila mwenye hii ameishiwa samadi akapaka magadi. "Enkaji," akasema, maana nyumba ni nyumba. Na mlangoni pa hiyo nyumba alisimama ndege mnene, koti jeusi, shati jeupe, mikono ameinyoosha pembeni, tumbo mbele. Roda akacheka peke yake mpaka mtoto akatikisika mapajani.

"Pasta Mbugua," akasema.

Sasa Pasta Mbugua ni mtu wa Mungu wa kweli kweli, na sitamsema vibaya. Ila ukimwona anavyotembea kutoka mlangoni hadi madhabahuni siku ya ushirika, koti limefungwa, utajua Roda hakumwonea. Na Jumamosi moja akaja kwenye ploti kuombea ulimi wa mtoto. Alipoketi, Ledama akamtazama, akaenda ndani, akarudi na kitabu. Akakifungua pale pa yule ndege, akakiweka juu ya magoti ya mchungaji, akarudi nyuma hatua kidogo ili awaone wote wawili kwa pamoja.

"Oh," Pasta Mbugua akasema kwa upole, "anapenda ndege."

"Anapenda sana," Roda akajibu, akitazama bati za paa.

Ile siku Roda alijua. Maneno yalikuwamo. Mtoto alikuwa nayo yote, kila moja mahali pake. Kilichobaki ni lango.

Lakini ukurasa ulioleta kesi ni wa mwisho. Ulikuwa na nyasi, na juu ya nyasi walisimama ng'ombe. Wangapi? Sitasema, Roda ananitazama hapa. Mmoja mweusi, mmoja mweupe, mmoja mwekundu, na mmoja ambaye mchoraji, sijui alikula nini, alimpaka rangi ya samawati. Chini yao kulikuwa na tarakimu. Sandra, Jumapili moja akiwa nyumbani, akainama juu ya mabega ya mama yake.

"Hapa ni pa kuhesabu, Yeyo. Unaweka kidole kwa kila mmoja. Moja, mbi..."

Roda akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Kwa nyumba yangu ng'ombe hawahesabiwi."

"Yeyo, ni picha."

"Hata wale wa Rombo sasa ni picha."

Sandra akanyoosha mgongo, akaenda kuangalia chai.

Labda wewe unayesoma umezaliwa kwenye ghorofa, nikueleze. Kwetu mtu hasimami zizini na kidole, huyu mmoja, huyu wa pili. Kuhesabu ni kumwambia mwenye kuchukua kwamba wako wengi, aje apunguze. Ng'ombe wakirudi jioni unawatazama tu usoni, na asiyekuwepo unamwona kwa kutokuwepo kwake, kama ulimi unavyojua pengo la jino. Huhitaji namba kama una majina.

Kwa hiyo Roda aliwapa majina. Hakuwatungia. Aliwarudishia. Alinyoosha kidevu kwa mweusi akasema, "Narok." Kwa mweupe, "Naibor." Mwekundu akawa Nado. Na yule wa samawati akamsumbua kidogo, mpaka akaona kwamba ukifinya macho rangi ile inakaribia jivu, na ng'ombe wa rangi ya jivu alikuwa naye. "Napus," akasema, na hapo ikabidi anywe maji.

Akamsimulia mtoto habari zao, kidogo kidogo, kila mchana. Kwamba Narok alimpiga teke kila mkamuaji isipokuwa Sandra. Kwamba Naibor akitaka kuzaa alijificha kama mwizi. Kwamba Nado alikula shuka ya babu yake Ledama ikiwa kwenye kamba, akabakisha pindo. Napus alikuwa ndama wa Sandra, alipewa na baba yake alipotoboa masikio, na mwaka ule wa mwisho ndiye aliyeanguka mwisho. Akitaja jina, ananyamaza. Anangoja. Mtoto anatazama ng'ombe, anainua uso kumtazama nyanya yake, anatazama ng'ombe tena. Mchana mmoja Roda alihisi kwenye tumbo lake kifua cha mtoto kikijaa pumzi, akasikia kitu kama "Na..." Halafu lori likapiga honi barabarani na pumzi ikatoka bure. Hakumwambia mtu. Kitu kinachotaka kuzaliwa hakipigiwi kelele.

Kitabu kilifunguliwa hapo mpaka mgongo ukaachana. Roda akautoboa kwa sindano yake, akaushona kwa uzi wa shanga, na kwa kuwa mkono umezoea akajikuta ametia shanga nyekundu na za buluu pindoni. Sasa hata ukikiangusha sakafuni, kinajifungua chenyewe pale pale kwa ng'ombe.

Siku ya intavyu ikafika. Sandra aliomba ruhusa kazini. Ledama alivaa viatu vipya vilivyomfanya atembee kama anavuka matope, kitabu kwapani. Roda alijifunga shuka yake nzuri. Aliambiwa anaweza kubaki nyumbani. Hakusikia siku hiyo.

Mwalimu mkuu wa ile shule ni Madam Mugure, mama wa watu, kazi ameifanya mpaka miwani imechimba pua. Watoto walikuwa foleni nje, na ndani ya ofisi kulikuwa na meza, viti vidogo, na harufu ya chaki. Ledama alipoingia akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Madam, akainamisha kichwa, akangoja.

"Ai, mbona aibu?" Madam Mugure akasema, akamwinua kidevu kwa kidole. "Inua kichwa, kijana. Hapa hatuogopi mtu."

Roda alifungua mdomo. Sandra akamtazama. Roda akaufunga.

Kadi za picha zikatoka. Madam alikuwa mpole lakini foleni ilikuwa ndefu.

"Ledama, hii ni nini? Ni mwavuli, sindiyo? Na hii? Hii ni treni. Umewahi kuona treni? Haya, hii je? Inaliwa. Tofaa."

Ledama alitazama kila kadi kwa adabu ikipita, kama mtu aliyesimama kando ya barabara. Sandra alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Roda alikuwa anaona kitu kimoja tu, geti la Laiser Hill likifungwa, yeye akiwa upande wa nje.

"Mama Ledama," Madam akasema, akikusanya kadi, na sauti yake ilikuwa ile ya watu wanaotoa habari mbaya na leso mkononi, "nyumbani huwa anaongea?"

"Huwa..." Sandra akaanza. Akashindwa kudanganya. "Yuko na kitabu yake, madam. Labda na hiyo."

Madam Mugure akakipokea, akazitazama shanga, akatabasamu. Kikajifungua chenyewe mezani.

"Wao! Ng'ombe. Hii tunaijua sote. Haya tuhesabu, Ledama." Akachukua mkono wa mtoto, akakunjua kidole kimoja, akakishusha juu ya yule mweusi. "Moja..."

Mtoto akauchomoa mkono kama ameguswa na moto. Akakifunga kitabu, pa! Akakilalia kwa viganja vyote viwili na kifua.

Hapo Roda alitamani sakafu immeze. Nimemharibu, akawaza. Ni mimi. Walitaka ahesabu tu, hata bila kusema, hata kwa kidole, na mimi ndiye niliyemfungia hiyo njia. Alikuwa ameshaanza kuinuka, aombe msamaha, aseme kosa si la mtoto, wamchukue tu, naye Roda atarudi Rombo leo leo.

"Usihesabu," Ledama akasema.

Sauti ilikuwa nzito kidogo, yenye kutu, kama mlango wa duka uliofungwa muda mrefu.

"Usihesabu. Wataisha."

Madam Mugure, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha swali bila kulijibu mwenyewe, alinyamaza. Akavua miwani. Na labda ni kwa mshangao, labda ni Mungu tu, lakini alifanya lile jambo lililowashinda wengi. Alingoja.

Ledama akamtazama kuhakikisha kile kidole kiko mbali. Akakifungua kitabu taratibu, mlango wa zizi hufunguliwa hivyo. Akanyoosha kidevu.

"Narok," akasema. Kidevu kikasogea. "Naibor. Nado anakula shuka." Akameza mate. "Napus."

Sandra akaachia mkoba, ukaanguka. Aliwachunga wale. Aliwakamua akiwa na meno ya utoto. Tangu kiangazi kile hakuwahi kuyatamka hayo majina, na alidhani mama yake naye ameyaacha kule zizini.

"Napus alikuwa wangu," akamwambia Madam, kana kwamba aliulizwa. Akafunika uso.

"Wa Mama," Ledama akamthibitishia mwalimu. "Alianguka mwisho."

Madam Mugure alirudisha miwani puani polepole, akafunua ukurasa mwingine, safari hii akiwa ameweka mikono yake chini ya meza.

"Na hii?"

"Magadi. Baba yuko."

"Na hii nyumba?"

"Enkaji ya Kokoo," akasema, kidevu kikielekea kwa nyanya yake.

"Na huyu ndege?"

"Pasta Mbugua."

Sasa, Madam Mugure anasali kanisa lile lile. Alijitahidi. Aligeuka dirishani akakohoa, akakohoa tena, akajifuta machozi, na aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Shosho," akamwambia Roda, "huyu ni wewe umemfundisha?"

"Nilikuwa nangoja tu," Roda akasema. "Lakini madam, hesabu atajifunza. Mpatie maharagwe. Maharagwe hata ukihesabu hayasikii."

"Maharagwe tuko nayo," Madam akasema. "Aje Januari."

Wakati wa kutoka, Ledama akarudi mpaka mbele ya ile meza, akainamisha kichwa tena. Mkono wa Madam ukaenda kwenye kidevu chake, kwa mazoea. Halafu ukasita. Akamtazama Roda. Roda akamwonyesha kwa kidevu, juu kidogo, pale. Na Madam Mugure akaweka kiganja utosini pa mtoto, akakiacha hapo kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, foleni yote ikimngoja.

Nje jua lilikuwa kali. Walitembea watatu kando ya barabara, mpaka Sandra akatoa simu, akaitazama, akairudisha mkobani.

"Kwa Caroline tutaenda Krismasi," akasema. "Tukule, turudi."

"Nani na nani?" Roda akauliza, maana mtu akishachomwa hupuliza hata maziwa ya mtindi.

"Sisi wote, Yeyo." Sandra akamshika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto. "Halafu ukifika nyumbani, uniambie tena ile ya Naibor kujificha. Nimeanza kusahau mahali."

"Kwa mto," Ledama akasema kutoka chini yao.

Wakasimama. Wakamtazama. Akawa anapiga jiwe teke kwa kiatu kipya, hana habari na mtu.

Tangu siku hiyo hajanyamaza. Anaongea akila, anaongea akioga, anaongea Kimaasai na Kiswahili kwenye sentensi moja na hakuna kilichochanganyika isipokuwa sisi. Majuzi alipewa kalamu za rangi shuleni, akakaa na kile kitabu cha shanga, akachora pembeni mwa Napus, pale penye nyasi. Nami nakwambia, na hili ndilo nililokuwa nalo rohoni tangu mwanzo, kwamba ukikifungua leo hutakitambua. Ng'ombe wamezaana. Wamejaa ukurasa ule, wamefunika theluji yote, wamemsukuma Pasta Mbugua ukutani, wametoka nje ya kitabu wakashuka kwenye mkeka, na jana nilipotazama walikuwa wameshafika mlangoni, wanene, wenye nundu, wasiopungua mia tatu na...

"Kuntai," Roda amesema, bila kuinua macho kwenye shanga zake. "Mtoto amechora ndama, na hata huyo bado hana mkia. Hao wengine umewatoa wapi? Na ni nani amekutuma uwahesabu?"